Ligi Kuu ya Zanzibar: ibaki moja au turudi kanda?

Wa Chake Chake: Assalam alaykum wanamichezo. Zamani Pemba ilikuwa na ligi yake na Unguja yake, kisha timu 4 za kila upande zinakutana Nane Bora. Sasa ligi ni moja, na kilio ni nauli. Chukua ligi ya timu 16, za Pemba zikiwa 4. Timu ya Pemba ina mechi 15 za ugenini, 12 ziko Unguja. Ya Unguja inavuka bahari mara 4 tu. Kwa msafara wa wachezaji 18 na viongozi 4, kwenda na kurudi, Mpemba anakata tiketi 528 za boti kwa msimu, Muunguja 176. Ushindani gani huo? Turudi kanda.

Wa Raha Leo: Sheikh, hesabu sawa, dawa siyo. Ukisubiri Nane Bora ndiyo ukutane na KMKM au JKU, timu za vikosi vya Unguja, msimu umeshakwisha na hujajipima. Tubadilishe ratiba. Timu ikivuka icheze mechi mbili, Jumamosi na Jumanne. Safari 12 zinakuwa 6, tiketi 264.

Wa Konde: Na kulala je? Mechi moja unafika Ijumaa, unaondoka Jumapili: usiku 2, mara 12 ni 24. Kwa ratiba yako unaondoka Jumatano: usiku 5, mara 6 ni 30. Tiketi zimepungua, malazi na chakula cha watu 22 vimepanda.

Lakini linaloniuma zaidi ni kazi. Mchezaji wa timu ya kikosi ni askari, ruhusa anapewa kambini. Wa timu ya mtaani ni fundi, mvuvi, dereva wa bodaboda. Ukimweka Unguja mpaka Jumatano, kibarua kinaota nyasi. Kufika safari ya tatu, wanapanda boti wachezaji 13. Benchi lina wawili, mmoja wao kipa. Yule mwingine akishaingia, beki akikaza msuli dakika ya 60 hana wa kumpokea, anachechemea mpaka mwisho, na magoli yanaingia upande wake. Kesho tunamtukana kocha.

Wa Raha Leo: Basi Jumamosi na Jumatatu, Jumanne asubuhi mnarudi. Usiku 4 mara 6 ni 24, sawa na sasa. Pumziko la saa 48 ni dogo, nakubali, kwa hiyo benchi la watu 7 si anasa.

Wa Mkoani: Mmesahau bahari. Upepo ukichafuka boti zinazuiwa, timu imekaa bandarini na mizigo yake, mwenyeji anadai pointi za mezani. Kanuni iseme wazi: safari ikizuiwa na mamlaka, kamisaa wa mechi apewe barua siku hiyo hiyo, mechi iwe kiporo na ichezwe ndani ya siku 14. Viporo vyote viishe kabla ya raundi 2 za mwisho, la sivyo watu watapanga matokeo huku msimamo wanauona.

Wa Konde: Hilo la kiporo naliunga mkono. La Jumatatu nalikubali kwa sharti moja: fedha za mdhamini zikiingia, nauli na malazi ya kuvuka vikatwe kwanza kwa timu zote, kinachobaki ndicho kigawiwe sawa kwa 16. Liandikwe kwenye kanuni kabla ratiba haijatoka. Lisipoandikwa, mimi niko na ndugu yangu wa Chake: kanda.