Kamfungulia loki mwizi wa boti yangu, halafu anasimama mbele za watu anasema "hatimaye"!

Binti_Pangani:

Wadau, salamu baadaye. Nina hasira hapa hata simu inatetemeka mkononi.

Nyie wa London na vitongoji vyake mnamjua ninayemsema. Simtaji. Yule wa kofia ya kiua, anayefika shughulini kabla chungu hakijatelekwa na anaondoka na ukoko kwenye mfuko. Huyo huyo. Jana kanidhalilisha mbele ya halaiki, usiku kucha sijafumba jicho.

Kwa wasiojua, mimi naishi kwenye boti, mwaka wa sita huu. Si boti za baharini. Ni zile nyembamba za mifereji ya Uingereza, za chuma, upana mita mbili na kitu. Yangu ina urefu wa futi 57, ndani kuna kitanda, jiko la mkaa, kila kitu. Inaitwa Subira. Jina nimeliandika mwenyewe ubavuni kwa rangi nyekundu, kila herufi nusu mita. Mkumbuke hilo la herufi. Sina mahali pa kudumu pa kuegesha, na sheria kwa watu kama sisi ni kuhama kila baada ya siku 14, kwa hiyo wiki ile nilikuwa nimeifunga Alperton, magharibi ya London.

Nikaenda zamu ya usiku, nahudumia wazee. Asubuhi saa mbili na nusu niko ukingoni. Boti hakuna. HAKUNA! Pini zangu mbili za chuma zimesimama ardhini vilevile, kila moja na kipande cha kamba kilichokatwa kwa kisu, na ndoo yangu ya majivu imekaa kwenye nyasi pale pale nilipoiacha. Mtu kabeba mita 17 za chuma kanibakizia majivu!

Nikaweka picha na namba ya boti kwenye kundi letu la watu wa mifereji. Jamani, wale watu Mungu awape maisha marefu. Robo saa haikuisha wameshapiga hesabu. Maji ya pale hayana njia nyingi. Ukienda mashariki hukuti loki, yale malango ya kufungia maji ili boti ipande au ishuke, mpaka Camden. Ukienda magharibi unatokea Bulls Bridge: kushoto unashuka Norwood na Hanwell kuelekea mto Thames, kulia unaelekea Cowley. Kutoka Camden mpaka Cowley ni zaidi ya maili 20 bila loki hata moja katikati. Na huku mwisho wa mwendo ni maili nne kwa saa, mtu anatembea kwa miguu anakuacha. Kwa hiyo mwizi hakuwa mbali, ilikuwa ni kuziba njia tu. Bibi mmoja wa Kiingereza, umri wa nyanya yangu, akapanda baiskeli kuanzia Little Venice. Vijana wawili wakakaa juu ya daraja pale Bulls Bridge. Yule jamaa wa boti ya mkaa, wale wanaopita wakituuzia mkaa na gesi na dizeli, akasema yeye yuko juu ya Denham, ataangalia kila kichaka. Watu ambao hata jina la baba yangu hawalijui!

Sasa huyu wa kwetu, tuliyekula naye chumvi.

Anaishi Uxbridge. Kila alfajiri anatembea ukingoni kupunguza tumbo. Siku hiyo saa kumi na mbili na nusu yuko Cowley kwenye loki. Boti inakuja. SUBIRA, herufi nusu mita! Boti ambayo kaila pilau yake mara nne! Kwenye kana, ule mkono wa usukani, kasimama mwanamume amevaa koti la mvua la njano. Koti langu! Ndugu yetu anafanya nini? Anaweka mgongo kwenye boriti ya lango, anakaza miguu, anasukuma. Boti inaingia. Anafunga. Anashika ule mkono wa chuma wa kuzungushia, anafungulia maji, loki inajaa taratibu, anaenda kufungua lango la juu. Zaidi ya robo saa kasimama hatua mbili kutoka kwa mwizi wangu. Kisha AKAMPUNGIA MKONO.

Na kajirekodi! Saa saba mchana kaweka kwenye status, "mazoezi ya asubuhi". Habari ya wizi ilikuwa kwenye kundi letu la nyumbani tangu saa tatu, na alama za bluu zipo, kasoma.

Jioni yule wa mkaa akaikuta karibu na Harefield, imefungwa chini ya miti, mwizi keshatoroka. Betri zote hakuna, paneli za jua hakuna. Mbuzi yangu ya kukunia nazi aliyonichongea babu imetiwa jikoni ikawa kuni. Ule ulimi wake wa meno nimeuokota kwenye jivu, umekuwa mweusi.

Hayo yote nilikuwa nimesamehe. Jana nikapika pilau hapo hapo ukingoni kuwashukuru walionitafutia. Naye kaja, wa kwanza! Nikamuuliza kwa adabu, kaka, boti unaijua, ulimfunguliaje yule mtu? Akasimama na sahani, mdomo umejaa, akasema kwa sauti wasikie wote: "Nilimwona mwanamume kwenye usukani nikasema alhamdulillahi, dada yetu HATIMAYE kapata mtu."

Watu wakacheka. Yule bibi wa baiskeli akaomba atafsiriwe, mtu akamtafsiria. Akaja akanipapasa bega.

Hatimaye! Hatimaye ya kutoka wapi? Nani alimtuma asubiri? Mwizi mwenye koti langu, kwenye boti yangu, na yeye ananihesabia posa! Mwanamume angekuwa anaendesha lori la taka lenye jina langu, pia angesema hatimaye?

Wadau, huyu mtu tumfanye nini?

Mzee_wa_Kupasua:

Uzi bila picha ni batili. Weka ile video ya mazoezi.

Shamba_la_Bibi:

Pole sana dada. Naomba kuuliza kwa heshima kabisa: umepata au bado?

Binti_Pangani:

@Shamba_la_Bibi Hiyo ndiyo mada? Mtu kamsukumia mwizi lango kwa mgongo wake mwenyewe!

Kipanga_Leicester:

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Wizi wa maili nne kwa saa! Huyo mwizi alikuwa anapitwa na bata na vifaranga vyake. Na boti inaitwa Subira, mwizi naye kasubiri uende zamu. Ungeiita Haraka.

Binti_Pangani:

@Kipanga_Leicester Subira ni jina la mama yangu. Na mwendo huo ndio unaoniuma zaidi. Angekuwa amepita na gari ningesema hakuwahi kuona. Loki si taa za barabarani. Unasimama, mnaongea, unamtazama mtu usoni maji yakipanda. Aliuona uso wa mwizi kuliko polisi watakavyouona, kisha akampungia.

Mama_Nasra:

Mwanangu, huyo bwana namjua, na hilo la lango ni dogo. Alikwenda uwanja wa ndege kunipokelea mgeni wangu kutoka Tanga, akampeleka kwake. Wiki mbili! Masanduku yote yalikuwa yangu. Dagaa wangu, kanga zangu, korosho zangu. Nilipata kanga moja, nayo imeshavaliwa.

Kipanga_Leicester:

Hatimaye ulipata kanga.

Mama_Nasra:

Adabu, kijana.

Dalali_Mstaafu:

Kwani sheria ya kule inasemaje? Mtu akimfungulia mwizi loki ni mshiriki wa wizi?

Kitasa_Kimoja:

@Dalali_Mstaafu Mkuu, kwenye mifereji kusaidiana loki ni ustaarabu. Mimi nilikaa Braunston miaka miwili, unamfungulia yeyote anayekuja, huulizi hati ya boti. Mtoa mada ana hasira tu. Kosa la jamaa ni ulimi, si lango.

Binti_Pangani:

@Kitasa_Kimoja Yeyote nakubali. Lakini hakumfungulia yeyote, kafungulia SUBIRA! Kasoma jina, kasema kwenye video "eeh, Subira hiyoo". Sikilizeni dakika ya kwanza. Halafu hatimaye!

Nyangavu_wa_Mwanza:

Dada, watu wa maji tunaelewana. Mimi ni mvuvi ziwani. Mwaka juzi usiku tumetega, wakaja na mtumbwi mwingine wametuzidi idadi, wakachukua mashine na nyavu, wakatuacha tunaelea na kasia moja. Kumekucha ndiyo tumeokolewa. Hapo ikapigwa simu mwalo hadi mwalo, mpaka Ukerewe. Kila mwalo watu wakawa wanaangalia nani kaja na mashine ngeni. Siku ya tatu ikaonekana, imepakwa rangi nyeusi lakini propela ina pengo lile lile alilolitia mdogo wangu kwenye jiwe. Sasa aliyetuuza ni nani? Ni mtu tuliyemnunulia chai jioni ile, akatuuliza "leo mnategea upande gani?" Wa karibu ndiye.

Binti_Pangani:

@Nyangavu_wa_Mwanza Asante kaka, wewe umenielewa. Pengo la propela wamelijua, huyu herufi za nusu mita kazipungia.

Mwana_wa_Mvita:

Pole dadangu. Lakini nauliza, hicho chombo chaitwaje boti? Hakina tanga, hakina mkuku wa maana, chasukumwa kwa injini ya trekta. Kwetu hilo ni kontena limeingia maji.

Kitasa_Kimoja:

@Mwana_wa_Mvita Kontena lina kana? Lina shikio? Usiongelee usichokijua. Hayo maji mengine kina chake kiuno tu, mkuku wa nini?

Mwana_wa_Mvita:

Maji ya kiuno! Basi si ungemfuata mwizi kwa miguu?

Kipanga_Leicester:

@Mwana_wa_Mvita 😂😂😂

Fundi_Mabati:

Nami nina langu na huyu bwana. Aliazima drili yangu ya betri tangu kabla ya korona. Kila nikimuuliza anasema "iko njiani". Nafikiri nayo inakuja kwa maili nne kwa saa.

Sauti_ya_Kusini:

Mnazungumzia drili, mie nilichangia msiba kupitia kwake, jina langu likasomwa nimetoa nusu. Mbele ya wafiwa! Risiti ninazo.

Mama_Nasra:

Na wewe @Sauti_ya_Kusini? Mimi sikusomwa kabisa!

Sauti_ya_Kusini:

Mama, tuanzishe uzi wa michango. Hili ni kubwa.

Binti_Pangani:

Wadau, turudi kwenye mada. Mimi leo asubuhi nimefunga Uxbridge, na kapita na matembezi yake kama kawaida. Kanisalimia! "Dada, habari za majini?" Nimemtazama tu. Nimetia kufuli mpya na nimechomelea mnyororo, mlio wake ninausikia nikiwa kitandani, na kila ukilia naamka. Mtu mmoja kanifanya niogope kulala kwenye nyumba yangu, na mwingine kamfungulia mlango akampungia.

Shamba_la_Bibi:

Dada, hilo la kuamka usiku limenigusa, pole kwa dhati. Video nimeitazama. Kweli kasukuma kwa moyo wote.

Mzee_wa_Kupasua:

Iko wapi hiyo video? Mimi sijatumiwa.

Dalali_Mstaafu:

Mtoa mada, boti kama hiyo inauzwa bei gani? Na mtu akiishi humo anapokeaje barua?

Kipanga_Leicester:

Kwa bata.

Pilau_la_Nchi:

Samahani nimechelewa kuingia. Mimi nilikuwepo jana hapo ukingoni. Dada, habari ya mwizi pole, lakini lile pilau liliingiaje viazi? Nani kawafundisha?

Mama_Nasra:

Pilau la Pwani linaingia viazi, wewe umezaliwa wapi?

Pilau_la_Nchi:

Linaingia nyama na bizari. Viazi ni biriani, tena biriani la mgahawani.

Mwana_wa_Mvita:

Haya sasa, Mvita biriani letu lina viazi na si la mgahawani. Ombeni radhi.

Fundi_Mabati:

Viazi vilikuwa vitamu. Mimi ndiye niliyebeba sufuria. Ukoko sikuuona, nadhani mnajua ulikokwenda.

Binti_Pangani:

Ukoko kaondoka nao?! Baada ya kusema vile?!

Sauti_ya_Kusini:

Uzi wa michango nimeshafungua, mje na risiti zenu.

Pilau_la_Nchi:

Nakuja. Ila viazi bado nakataa.