Mlima Tsukuba, Japani: Miyukigahara au Shirakumobashi?

Mtori
Wakuu, salaam. Nipo Japani kimasomo, mkoa wa Ibaraki. Mwezi ujao nataka kupanda Mlima Tsukuba kwa mara ya kwanza, na wiki hii lazima nilipie chumba kwenye hoteli iliyo chini ya mlima, karibu na hekalu. Naona kuna njia mbili zinazoanzia hapo hekaluni, Miyukigahara na Shirakumobashi. Mlima wenyewe mita 877 tu. Mliopita huko, ipi bora?

Kibo57
Bora kwa nani, mkuu? Mwezi ujao ni mwezi gani? Mko wangapi? Umeshawahi kupanda mlima? Una viatu gani? Na hiyo "tu" iondoe. Kutoka hekaluni hadi juu unapanda kama mita 600 kwa kilomita chache, hakuna tambarare ya kupumzikia.

BintiWete
Mie nakaa mji huohuo wa Tsukuba, nimeshaupanda mara nne. Shika Shirakumobashi. Miyukigahara ni fupi, kama kilomita 2.5, saa moja na nusu umefika, lakini ni kupanda moja kwa moja kando ya reli ya treni ya kebo, misugi, miti mirefu ya huko Japani, kushoto na kulia, huoni kitu mpaka utokee uwanja wa juu ulio baina ya vilele viwili. Shirakumobashi inakaribia saa mbili, ila mawe yake, subhanallah! Liko moja kubwa limekaa juu ya mengine na njia inapita chini yake. Wanasema Benkei, yule mtawa shujaa wa hadithi zao, alirudi nyuma mara saba kwa kuhofu lisimwangukie. Mie nilisoma bismillahi nikapita.

Mto_Athi
Kwa nini asije Ōyama? Niko Kanagawa, naujua vizuri. Mita 1,252, treni ya kebo inakufikisha hekalu la Afuri, kutoka hapo kilele ni kama saa moja na nusu. Ukishuka unakula tofu, kijiji kizima kinasifika kwa tofu.

BintiWete
Kutoka Ibaraki avuke Tokyo yote kwa ajili ya tofu? Na ruba wa hiyo milima ya Tanzawa hukuwataja.

Mto_Athi
Ruba ni wa miezi ya joto na mvua, dada. Hajasema anaenda lini.

Mtori
Samahani wakuu, nilipaswa kueleza. Ni Novemba, wiki ya mwisho. Tuko wawili, mimi na bi mkubwa, mama yangu. Anakuja kunitembelea, ana miaka 63, magoti yanamsumbua akishuka ngazi. Nyumbani ni Marangu. Maisha yake yote ameiona Kibo akiwa uani, amewauzia ndizi wagumu, wale wapagazi wa mlimani, wanaopita kwenda getini, lakini kilele hajawahi kukanyaga chochote. Ndiye aliyeomba mlima. Mimi nilitaka kumpeleka Tokyo.

Kibo57
Ungeanza na hilo, ndugu yangu! Sasa nisikilize. Novemba moja nilikwenda na wenzangu watatu, tukaanza saa nane mchana kwa kuuona mlima mdogo. Kupanda hakukuwa na shida. Juu tukapiga picha, tukala, tukaenda na kilele cha pili, tukijua treni itatushusha. Kufika kituoni, ya mwisho imeshaondoka. Wakati ule jua linazama saa kumi na nusu, na ndani ya misugi giza linatangulia. Tukashuka Miyukigahara kwa tochi za simu. Ngazi zake ni magogo, udongo wa nyuma umeliwa na mvua, kwa hiyo kila hatua unaingia shimoni, na juu yake majani yaliyolowa. Mwenzetu akateguka kifundo cha mguu, tukamkokota kwa zamu. Mzee mmoja wa Kijapani mwenye taa kichwani alitupita, akageuka, akarudi, akatembea mbele yetu akitumulikia hadi hekaluni. Hakuongea maneno matano. Basi la mwisho nalo tulilikosa. Yule mzee namwombea hadi leo.
Kwa magoti ya mama, asishuke kwa miguu Miyukigahara. Anzeni asubuhi, na 119 ya gari la wagonjwa iwe kwenye simu yake.

BintiWete
Basi nabadilisha maneno yangu. Mpande basi hadi Tsutsujigaoka, upande wa mashariki, ambako mlima umeshapunguzwa nusu. Mshike njia ya Otatsuishi, fupi, yenye uwazi. Inaungana na Shirakumobashi chini kidogo ya jiwe la Benkei, kwa hiyo mawe yote atayaona. Kushuka, treni ya kebo, dakika 8. Karibu na kilele ni mawe matupu, ashike kwa mikono.

MzeeMachame
Mimi siafiki treni mlimani. Tukizoea za wenzetu, kesho tutayakubali na magari ya kebo yanayopendekezwa Kilimanjaro.

BintiWete
Ya Tsukuba ipo tangu 1925, baba. Wazee wanaokwenda kusali juu wangefikaje?

Kibo57
Kilimanjaro ni suala lingine. Pale kuna wagumu wanaosomesha watoto kwa mizigo wanayobeba vichwani. Tsukuba haikumnyang'anya mtu mzigo.

MzeeMachame
Hilo ndilo ninalolisema mimi.

Rubondo
Kwani Tsukuba nayo ni volkeno kama Fuji?

Kibo57
Hapana. Mwamba wake ulipoa chini ya ardhi, ukainuliwa, vya juu vikamomonyoka. Kileleni ni mwamba mweusi uitwao gabro, chini itale.

BintiWete
Wenyeji wanao utofauti mwengine. Katika Hitachi Fudoki, kitabu cha karne ya 8, mungu mzazi alifika Fuji jioni akaomba pa kulala, akanyimwa. Akaenda Tsukuba, akapokewa akalishwa. Ndiyo maana, kinasema kitabu hicho, Fuji ina theluji na watu hawaendi, na Tsukuba watu wanapanda wakiimba na kula. Mtori, mwambie mama pia: vilele ni viwili, cha mwanamume mita 871, cha mwanamke 877.

Mtori
Nimemsomea yote kwenye simu. Hapo kwenye 877 kacheka sana, akasema hicho ndicho chake. Treni hataki kuisikia, magoti anasema atayajua mwenyewe. Chumba nimelipia usiku mbili. Kuna anayejua duka la viatu vya kupandia vya kike, miguu mipana, hapa Tsukuba?

Mto_Athi
Kwa viatu njoo Yokohama.