Mashindano ya Dunia Nyingine kwenye Dragon Ball Z (episodi 195 hadi 199): tupeane uzoefu

Wingu la Njano (mwanzisha uzi)

Wadau wa anime (katuni za Kijapani), salaam. Uzi huu ni wa zile episodi tano tulivu za Dragon Ball Z ambamo shujaa Goku, akiwa ameshakufa, anashindana ulingoni na marehemu wenzake huko ahera; zinakuja baada ya adui Cell kufa na kabla Gohan, mwana wa Goku, hajaanza shule. Wengi huziruka kwa sababu wameambiwa ni za kujazia tu. Ni kweli hazimo kwenye manga (hadithi ya vibonzo) ya Toriyama Akira, lakini kuziruka ni hasara. Kila anayezijua aweke anachokijua: namba, matoleo, sheria, na mahali ambapo mtazamaji mpya hupotea.

Naanza na namba, maana hapo ndipo watu wanakwama. Dragon Ball Z ya Kijapani ina episodi 291. Toleo la kwanza la Kiingereza lilikatwakatwa likabaki 276, kwa hiyo namba hazilingani. Mwanzoni kabisa, episodi 67 za kwanza zilibanwa zikawa 53. Ukiambiwa "anza 195" na faili zako zinaishia 276, rudi nyuma 15, uanze 180. Njia ya uhakika zaidi ni kuangalia tukio lenyewe: Goku yuko ahera, ana duara la nuru kichwani, na kule Jehanamu maadui wa zamani, Freeza, Cell, King Cold na kikosi cha Ginyu, wanaleta fujo. Ukiona hivyo umefika. Ukimwona Gohan anaelekea shule mpya mjini, umeshapitiliza, hiyo ni ya 200.

Na kama unatazama Dragon Ball Kai, lile toleo lililohaririwa upya, usihangaike kuzitafuta. Kai ilianza 2009 kwa lengo la kufuata manga na kuondoa nyongeza, kwa hiyo mashindano haya hayamo kabisa.

Kobe Mzee

Asante mkuu kwa uzi. Niongeze kuhusu majina, kwa sababu mtu akitafuta kwa jina moja hupata nusu ya habari. Mpinzani mkuu wa Goku humu ni Paikuhan kwa Kijapani, Pikkon kwa Kiingereza. Yule mzee wa ndevu nyeupe na miwani ya jua anayetembea na redio yake ni Dai Kaio, wengine wanamwita Grand Kai. Kaio ni mungu mlinzi wa sehemu ya ulimwengu, na Kaio wa Kaskazini ndiye King Kai. Tafuta kwa majina yote mawili.

Chanzo cha mashindano nacho kinafaa kueleweka kabla ya kubonyeza 195. Cell alipovimba akitaka kujilipua na kuisambaratisha Dunia, Goku alimhamisha papo hapo hadi kwenye kasayari ka Kaio wa Kaskazini. Goku akafa, Kaio akafa, na Bubbles na Gregory, viumbe wanaoishi naye, pia. Mashindano yanafanyika kwa heshima ya kifo hicho. Wapiganaji wanatoka galaksi nne, kila moja chini ya Kaio wake, na zawadi si fedha bali ni kufundishwa na Dai Kaio mwenyewe. Ndiyo maana makaio wanabishana jukwaani kama wazee wa timu pinzani za mtaani. Wanaogombea heshima ni wao, wapiganaji wanawapigania tu.

Senzu Kavu

Kiini cha haya mashindano kiko kwenye sheria, na hapa naomba nivumiliwe niandike kwa kirefu.

Tangu zamani, mashindano ya Dragon Ball (Tenkaichi Budokai) yana kanuni ambazo hazibadiliki sana. Unashindwa ukigusa chini nje ya ulingo, ukihesabiwa hadi kumi hujasimama, ukizimia, au ukikubali mwenyewe. Silaha hapana. Kuchoma macho au kupiga sehemu za siri hapana. Ukiua, unaondolewa. Ile ya kutoka nje ya ulingo inafanana sana na sumo, ambako duara lina kipenyo cha mita 4.55 na mguu ukitoka tu mchezo umekwisha. Ile ya kuhesabu kumi inafanana na ndondi. Mchanganyiko huo ndio unaompa mnyonge nafasi, kwa sababu huhitaji kumzidi mtu nguvu, unahitaji kumzidi akili pale pembeni.

Sasa pitia fainali za nyuma uone. Mashindano ya 21: Goku na mzee Jackie Chun wanarushiana teke kwa wakati mmoja, mguu wa Goku ni mfupi, mzee anawahi kusimama. Ya 22: Goku na Tenshinhan wote wako hewani, ulingo umeshateketea, atakayetangulia kugusa ardhi ndiye aliyeshindwa, na Goku anagonga gari wakati wa kuanguka. Ya 23: Goku ameumizwa vibaya, anajirusha kwa kichwa na kumtoa Piccolo nje. Hakuna hata moja iliyoamuliwa kwa hesabu tupu ya nani ana nguvu zaidi.

Halafu inakuja Dragon Ball Z, na kwa episodi karibu mia mbili kinachoshindaniwa ni uhai wa sayari nzima. Mtazamaji anazoea kuuliza swali moja tu: nani ana nguvu zaidi? Mashindano ya Dunia Nyingine yanarudisha swali la zamani. Wapiganaji ni marehemu, hakuna sayari iliyo hatarini, kinachobaki ni ukingo wa ulingo. Mfano ni pambano la Goku na Caterpy, yule kiwavi. Caterpy anaamua kujibadilisha na kuingia ndani ya kifukofuko chake, na kutoka humo kutamchukua zaidi ya miaka elfu moja. Goku anapewa ushindi bila kumgusa. Watu wanacheka na kupita, ila lile pambano limewekwa pale kukukumbusha kwamba hapa sheria ndiyo inayotawala. Ukiielewa hapo, fainali haitakushangaza.

Dada Kapsuli

Senzu Kavu umenigusa kwenye fainali, acha niimalizie. ASIYETAZAMA ARUKE MCHANGO HUU.

Pikkon anavua zile nguo zake nzito, kasi inapanda. Goku naye anachanganya Kaioken (mbinu ya kuzidisha nguvu) na Super Saiyan (hali yake ya nywele za dhahabu), jambo ambalo kwenye manga hakulifanya. Pikkon anatoa mbinu yake ya moto, Thunder Flash. Itazameni kwa makini: mbinu ile ina muda wa kujiandaa, na mikono inakaa mahali palepale kila anapoirusha. Goku anaungua, anavumilia, anaisoma. Mara ya mwisho hasubiri moto ufike, anahama papo hapo katikati ya mkao huo na kufyatua Kamehameha, wimbi lake la nishati. Pikkon yuko nje.

Makaio wanashangilia, na hapo ndipo Dai Kaio anasema hakuna mshindi. Mapema katika pambano hilohilo wote wawili waligusa dari, na dari inahesabiwa kuwa nje ya ulingo. Basi.

Anayelalamika kwamba huo ni ujanja wa waandishi arudie pambano kuanzia wanapopaa. Miguu yao inakanyaga dari waziwazi, hakuna kilichofichwa. Ni kwamba tumezoea kutazama ngumi, hatutazami kuta.

Na hapa pana tatizo la toleo. Katuni hii ilichorwa kwa picha ya uwiano wa 4:3. Kuna matoleo yaliyosafishwa ambayo yamekatwa juu na chini ili yajae skrini pana ya 16:9. Ukikata hivyo unapoteza karibu robo ya picha. Kwenye mapambano mengine unaweza kuvumilia, lakini humu sheria yenyewe inahusu ukingo wa chini na dari ya juu! Chagua toleo lenye mistari myeusi pembeni kushoto na kulia, hilo ndilo kamili. Na msiivute picha kwa rimoti ijaze skrini, mnawafanya wapiganaji wawe wanene.

Kobe Mzee

Dada umenena. Niongeze onyo kwa wanaopenda kupanga viwango vya nguvu. Kwenye 195 Pikkon anawamaliza Freeza na Cell kwa muda mfupi sana, na kila mwaka kuna mtu anatumia tukio hilo kudai Pikkon anamzidi Gohan aliyemuua Cell. Msijenge hoja juu ya hapo. Pikkon ni wa anime, manga haimjui. Kumpima kwa mizani ya manga kunaleta ubishi usio na mwisho. Anayemtaka zaidi amfuate kwenye filamu ya 12 ya Dragon Ball Z, ya 1995, ambako anapigana tena upande wa Goku.

Chaki na Wino

Kwa wanaouliza kwa nini episodi hizi zipo: manga ilikuwa inatoka kila wiki, sura ya kurasa kama 15 hivi, na anime nayo kila wiki ina dakika 20 na ushee za kujaza. Anime inakula manga kwa kasi kuliko inavyoandikwa. Studio ina njia mbili. Ya kwanza ni kurefusha: nyuso zinatazamana, upepo unavuma, mawe yanapaa. Ya pili ni kutunga hadithi ndogo pale ambapo manga inapumua. Hapa manga iliruka miaka saba kutoka Cell hadi Gohan wa shule, kwa hiyo pengo lilikuwepo tayari. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, kwa sababu haiharibu mwendo wa pambano kuu.

Ukitazama mchoro, usitarajie ulaini wote kila mahali. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, lakini katuni za televisheni huchora picha 12 au 8 na kurudia. Fainali imepewa nguvu, raundi za mwanzo zina mistari ya kasi na picha za watazamaji zinazorudiwa.

Senzu Kavu

Kwa anayetaka kuendelea baada ya 199: mashindano mengine ya Tenkaichi Budokai, ya 25, yanakuja karibu, kwenye Kisiwa cha Papaya, na yanaanza kwa utulivu uleule. Mchujo ni wa mashine ya kupima ngumi. Bwana Satan, bingwa anayependwa na umma lakini ni binadamu wa kawaida, anapata 137 na uwanja unalipuka kwa shangwe. Namba 18, yule mwanamke aliyegeuzwa mashine, anagusa tu, 774, anaambiwa mashine imeharibika, anarudia kwa upole, 203. Goku 186, rafiki yake Kuririn 192, Piccolo 210. Vegeta, mpinzani wa siku zote wa Goku, anaivunja. Tazameni mikono yao wanapopiga: wote wanajizuia, isipokuwa mmoja.