Naomba ushauri: kesi yenye madai mchanganyiko, nani alipe wakili wa mwendesha mashtaka wa kaunti, New Jersey?

Wakuu, hasa mliofanya kazi za sheria Marekani, naombeni msaada.

Mwendesha mashtaka wa kaunti ameshtakiwa na aliyekuwa mpelelezi wa ofisi yake. Hati ya madai ni moja, madai mawili: kunyimwa cheo kwa ubaguzi, na kufunguliwa uchunguzi wa jinai bila sababu.

La pili halinisumbui sana. Katika shauri la Wright (2001), Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema ofisi za waendesha mashtaka wa kaunti zikitekeleza kazi ya kupambana na uhalifu, jimbo ndilo linalotetea na kulipa fidia, ingawa mishahara inatoka kaunti. Shauri la Lavezzi (2014) likafuata njia hiyohiyo kwenye madai ya mali iliyokamatwa katika uchunguzi. Tatizo ni cheo: Coleman dhidi ya Kaye (1996), mahakama ya shirikisho, iliona upandishaji vyeo ni utawala wa ofisi, hivyo mzigo ni wa kaunti.

Nakala ya samansi imefika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 10 za kalenda. Kaunti nayo imeandikiwa. Kila upande unasema mwenzake ndiye alipe, na muda wa kujibu madai unayoyoma.

Maswali yangu:

Je, jimbo huchukua utetezi wote kisha likaidai kaunti sehemu yake ya gharama, au hugawa tangu mwanzo kwa mawakili wawili?

Na mwendesha mashtaka akiweka wakili binafsi kwa sasa, barua ya kuhifadhi haki ya kurudishiwa gharama iandikwe kwa nani kwanza?