Samaki wangu anaelea ubavu, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina samaki wa dhahabu mmoja, yule mnene mwenye mkia kama shela. Huu ni mwaka wa pili niko naye kwenye tangi la kioo la lita 40, hapa sebuleni Dar. Tangu juzi jioni anaelea ubavu, tumbo limetuna. Akitaka kuzama anapiga mapezi weee, akiacha tu anaibuka kama kizibo. Ule ubavu unaobaki nje ya maji umeanza kuwa mwekundu.

Makosa yangu nayajua. Jumamosi nilibadili maji yote kwa mkupuo, ya bomba moja kwa moja, sikuyalaza kwenye ndoo klorini itoke kama kawaida yangu. Halafu mwanangu akammwagia chakula karibu nusu kopo, eti "baba, ananiangalia, ana njaa."

Tangu jana simpi chakula, na nimebadili robo ya maji kwa yaliyolala. Magamba hayajasimama kama ya samaki aliyejaa maji mwilini, kwa hiyo nahisi ni kuvimbiwa au shida ya kibofu cha hewa, kile kinachomsaidia kuelea.

Waliowahi kufuga: njegere ya kuchemsha iliyomenywa nimpe lini, na kiasi gani? Chumvi ya mawe itasaidia au nitammaliza? Dukani nilikomnunua wananiambia ninunue mwingine tu, bei rahisi. Nendeni mkamwambie hivyo mtoto wa miaka sita. Na kama kuna daktari wa mifugo hapa Dar anayeweza kuangalia samaki bila kunicheka, nielekezeni tafadhali.