Tupeane uzoefu: programu yako uliifikishaje kwenye Linux za kila aina?

Fundi wa Area C (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Mimi naandika programu, nipo hapa Dodoma. Mwaka jana nilitengeneza programu ndogo ya ghala moja la mahindi Kibaigwa: magunia yanayoingia, uzito wa mizani, nani anadai, nani kalipwa. Nimeiandika kwa lugha ya Python, na madirisha yake kwa Qt. Kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu 22.04 (aina moja ya Linux) ilikwenda miezi miwili bila shida. Nikaifunga kwa PyInstaller, nikaitia kwenye flashi, nikapanda gari alfajiri.

Kompyuta ya ghalani ilikuwa na Ubuntu 20.04. Nabofya, kimya. Nikafungua terminali nikaiita kutoka huko, ikanijibu `version 'GLIBC_2.35' not found`. Msimu umepamba moto, malori yamejipanga nje, wapimaji wamesimama wananisubiri. Siku ile walirudi kwenye daftari, nami nikarudi mjini na flashi yangu. Iliniuma sana, kwa sababu mzee mwenye ghala aliniamini.

Usiku ndipo nilipoelewa. PyInstaller hubeba Python na laibrari zako, lakini glibc haibebi, na hiyo ndiyo laibrari mama ambayo karibu kila programu huiegemea. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, ile 20.04 ina 2.31. Ukifungia programu kwenye mfumo wenye glibc mpya, mfumo wenye glibc ya zamani unaikataa. Ukifungia kwenye wa zamani, mpya zinaipokea. Tangu hapo nafungia ndani ya kontena (mfumo uliotengwa ndani ya kompyuta yangu) la distro, yaani aina ya Linux, kongwe kuliko zote ninazotarajia kuzikuta, na kabla sijasafiri namwomba mteja aandike `ldd --version`, inayotaja toleo la glibc, anipigie picha ya jibu.

Sasa wateja wameongezeka. Mmoja ana Mint, mwingine Fedora, wa tatu Debian. Nauli ya kumfuata kila mmoja sina. Tupeane uzoefu: wewe ulifanyaje, na ulikwama wapi? Naomba mkasa uliokukuta mwenyewe.

Mwalimu, Kondoa

Asante kwa mada, ndugu. Mimi siandiki programu, nipo upande wa kuzipokea, na naona upande huu huwa hausikiki.

Tuna kompyuta 16 za msaada, zote tuliziwekea Linux Mint kutoka flashi moja. Nilitaka programu ya kuchora grafu kwa ajili ya somo la hisabati. Maelekezo niliyopewa yalikuwa ya mstari mmoja tu, `sudo snap install` na jina. Mint ikakataa. Kumbe tangu Mint 20 ya mwaka 2020, Snap (njia ya kusakinisha programu kutoka kwa watengenezaji wa Ubuntu) imezuiwa makusudi. Kuna faili linaitwa `nosnap.pref` ndani ya `/etc/apt/preferences.d`. Unaweza kuliondoa, ila sikutaka kuvuruga mashine za wanafunzi kwa kitu nisichokielewa.

Nikahamia Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha, maana kwenye Mint inakuja tayari. Programu yenyewe ilikuwa ndogo, lakini Flatpak ikavuta na msingi wake wa kuendeshea programu, mamia ya megabaiti. Bando la modemu likaisha nilipomaliza kompyuta ya tatu. Zikabaki 13. Nilifunga maabara nikakaa kwenye benchi nje. Fedha ya bando lile ilikuwa ya mfukoni kwangu.

Kilichoniokoa ni rafiki aliyeniambia niache Flatpak nitumie vifurushi vya deb, vile vya Debian, Ubuntu na Mint (naongelea kifurushi cha programu, si cha simu). Kwenye kompyuta moja ambayo haikuwa na programu ile niliandika `sudo apt-get install --download-only` na jina. Faili zote, pamoja na zile zinazoitegemeza, zikakaa `/var/cache/apt/archives`. Nikazinakili kwenye flashi, nikapita mashine kwa mashine na `sudo apt install ./*.deb`. Kwa kuwa mashine zote zilitoka kwenye flashi moja, kilichopungua kwenye moja ndicho kilichopungua kwenye zote. Ndani ya saa mbili nikamaliza 13 bila hata megabaiti moja ya nyongeza. Mtu akiiga, atumie `apt-get`, kwa sababu amri ya `apt` ikishasakinisha huvifuta vile vifurushi ilivyopakua.

Ombi langu kwenu waandishi: mkiandika maelekezo, semeni ni megabaiti ngapi zitashuka. Mwalimu wa wilayani anahitaji kulijua hilo kabla ya kubonyeza.

Stationery Mpwapwa

Kwangu ni fupi. AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) ilikuwa kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32, nikaipa ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, haikubali. Nikairudia nusu saa. FAT32 haitunzi ruhusa za Linux, basi. Nakili kwanza kwenye Home, ndipo uipe ruhusa.

Halafu Ubuntu 22.04 haiji na libfuse2, laibrari ya FUSE ambayo AppImage nyingi zinaitaka ili zifunguke. Ukiona kosa linataja `libfuse.so.2` na huna intaneti, endesha faili lako kwa `--appimage-extract`. Litafunguka folda la `squashfs-root`, ndani yake kuna `AppRun`, endesha hiyo. Hiyo inafanya kazi bila FUSE.

Fundi wa Area C (mleta mada)

Mwalimu, hilo la kutaja megabaiti naliweka kwenye maelekezo yangu leo hii. Na pole kwa fedha yako.

Dada wa Nkuhungu

Mimi na mwenzangu tuna programu ya kumbukumbu za zabibu: mkulima, kreti, kilo, tarehe. Inatumika kwa vikundi viwili, kimoja kina Debian, kingine kina Fedora kwa sababu kijana aliyewafungia kompyuta anaipenda Fedora.

Tulianza na deb. Ukishajua faili la `control` linavyoandikwa, deb si ngumu: jina, toleo, na mstari wa `Depends`. Kazi ilianza kwenye rpm, vifurushi vya Fedora. Nilidhani nitanakili ule mstari tu. Kumbe kila distro inaita kitu kilekile kwa jina lake. PyQt5, laibrari ya kuunganisha Python na Qt, kwenye Debian ni `python3-pyqt5`, Fedora ni `python3-qt5`, Arch ni `python-pyqt5`. Nilikaa wiki nzima kutafuta majina, na nikajifunza kwamba huwezi kuhesabu msaada wa distro mpya kama kazi ya jioni moja.

Lakini lililotuumiza zaidi halikuwa kwenye kifurushi, lilikuwa kwenye msimbo wetu wenyewe. Tulikuwa na kitufe cha "Hifadhi kwenye flashi", na ndani tuliandika njia inayoanza na `/media`. Kwenye Debian flashi inatokea hapo. Kwenye Fedora inatokea `/run/media`. Katibu wa kikundi alibonyeza kitufe, programu ikaandika "Imehifadhiwa", akachomoa flashi akaenda nayo kwenye kikao. Haikuwa na kitu. Mama wa watu alisimama mbele ya wanachama hana orodha ya malipo. Nilimpigia simu kumwomba radhi, na kesho yake nikaenda kumwona.

Sasa kitufe kinafungua dirisha la kuchagua mahali, mtumiaji anaiona flashi yake kwa jina. Na programu haisemi "Imehifadhiwa" mpaka iwe imelisoma tena lile faili kutoka kwenye flashi.

Mwanafunzi, Makulu

Wakuu, kwa nini msitoe AppImage tu mkapumzika? Faili moja, distro zote.

Dada wa Nkuhungu

Mdogo wangu, tuliijaribu. Ukigundua kosa kwenye hesabu ya kilo, lazima kila mtu aletewe faili jipya kwa mkono, na lile la zamani linabaki kwenye folda la Downloads, mtu analibofya kwa mazoea. Kwenye deb tumeweka hazina yetu ndogo ya vifurushi. Wakisasisha mfumo, na programu yetu inasasishika humohumo. Kwa wenye intaneti hilo ni kubwa. Kwa wasio nayo, nakubaliana nawe, AppImage ina nafasi yake. Ila hata hiyo ifungie kwenye mfumo wa zamani, maana matatizo ya glibc aliyoyasema mleta mada yanaikuta vilevile.

Singida Mjini

Msisahau ikoni. Nilimwachia mteja AppImage kwenye Home, wiki ya pili akaniambia programu imepotea. Ilikuwepo, haikuwa kwenye menyu tu. Sasa naweka faili la `.desktop` ndani ya `~/.local/share/applications`, na mistari ya `Exec` na `Icon` naiandika njia kamili, kwa sababu `~` pale haieleweki.

Fundi wa Area C (mleta mada)

Nimerudi na majibu, wakuu. Jumamosi nilikwenda Kibaigwa. Nimefungia ndani ya kontena la Ubuntu 20.04, AppImage kwa ajili ya ghala lile kwa sababu halina intaneti, na faili la `.desktop` kama alivyosema wa Singida. Toleo la zamani nimelifuta mbele ya macho yao. Lori la kwanza limepimwa saa mbili na robo, na mzee akataka nimchapishie karatasi ya siku nzima aibandike ukutani.

Wa Mint na Debian nawaandalia deb. Wa Fedora ndiye amebaki, nafikiria Flatpak, lakini yeye ana printa ya risiti ya USB na Flatpak hufungia programu ndani ya uzio. Kuna aliyewahi kuchapisha risiti kutoka humo? Aje aseme alipitia njia gani.