Msaada: tangi la diskasi wa porini hapa Kigoma, pH inagoma kushuka

Mwanga_Juu
Wakuu, habari za leo. Niko Kigoma mjini. Tangi la kioo lipo tayari: urefu sm 150, upana 50, kina 60, kioo cha mm 12. Nataka samaki wa mapambo aina ya diskasi, sita wa porini, wale wa kahawia wa Amazon, na ndani pafanane na mtoni kwao: mchanga, mizizi, majani makavu. Kinachonikwamisha ni maji. Ya bomba huku yanatoka ziwani, kipimo kinasoma pH 8.9 (7 ndiyo katikati, chini yake ni asidi). Nikikamulia ndimu kwenye ndoo inashuka hadi 6.5, asubuhi nakuta 8.5. Kuna fundi kanishauri nitie maji ya betri, ile asidi. Niongeze dozi? Na mchanga wa ufukweni Katonga unafaa? Nawasilisha.

Kina60
Mkuu, maji ya betri yarudishe dukani. Adui yako si pH, ni bikaboneti, chumvi inayoizuia pH isishuke. Maji ya Tanganyika yana ugumu wa kaboneti (kipimo cha hiyo bikaboneti) wa digrii 16 hadi 18, na upitishaji umeme (kipimo cha chumvi zote) wa karibu mikrosimensi 650. Asidi ukiitia inakula sehemu ya bikaboneti na kuzaa kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo inayokushushia kipimo jioni. Usiku inapeperuka, bikaboneti iliyobaki inairudisha pH palepale. Ukikomaa kutia asidi mpaka bikaboneti iishe, pH inaporomoka kwa mpigo, na chumvi zote bado zimo. Ndimu nayo ni chakula cha bakteria, maji yatageuka ya maziwa.

Dawa ni kuzimua. Maji ya mvua sehemu tisa, ya bomba sehemu moja. Tangi lako likijazwa vizuri ni lita 400 hivi, kwa hiyo mvua 360, bomba 40 (yalaze usiku kucha na pampu ya hewa, klorini itoke). Utabaki na kaboneti chini ya digrii 2 na mikrosimensi 70 hadi 80, na hapo majani makavu yataweza kuishusha pH mpaka 6 na kitu bila kuyumba. Usiende kwenye mvua tupu. Bila kaboneti hata kidogo, pH inaweza kuporomoka usiku mmoja ukiwa umelala.

Fundi_Mifereji
Mvua sawa, ila usiikinge kwenye bati na kuimimina moja kwa moja. Bati lina zinki, maji ya mvua ni laini na yana asidi kidogo, yanaiyeyusha. Kwenye maji magumu ya ziwa samaki angevumilia. Kwenye maji laini hakuna kalsiamu ya kumkinga, zinki kidogo tu inachoma matamvua. Tandika turubai safi la mita 4 kwa 5, lipe mwinamo, katikati ya ukingo wa chini weka bomba la plastiki. Acha dakika 15 za mwanzo zimwagike na vumbi lake. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 25 kwenye turubai hilo ni lita 500.

Sasa kiangazi. Mvua zikikata Mei, mpaka zirudi Oktoba ni kama wiki 22. Ukibadilisha lita 80 kwa wiki, ni lita 1,760, bado hujafidia yanayokauka. Nunua tangi la plastiki la lita 3,000, la rangi nzito, ufunge chandarua mdomoni. La saruji hapana, saruji inarudisha ugumu uleule unaoukimbia.

Mama_Mapezi
Mchanga wa Katonga upime kabla hujaubeba. Weka kijiko kwenye kisosi, mwagia siki nyeupe, sogeza sikio. Ukisikia unachemka chwiii na kuona mapovu, kuna vipande vya makonokono ndani, na utakuwa unapandisha ugumu kila siku bila kujua. Mchanga wa mtoni usiochemka ndio wako, chembe za nusu milimita hadi moja, unene sm 2 au 3 tu. Ukizidi hapo uchafu unaozea chini.

Mizizi tumia ya mpera au mwembe iliyokufa na kukauka kabisa, ganda lote limebanduliwa. Ichemshe, kisha iloweke wiki tatu ukibadilisha maji. Usiilaze. Ining'inize wima kutoka juu, nafasi ya sm 10 kati ya mzizi na mzizi. Umbo la diskasi ni sahani iliyosimama, na kwao anajificha katikati ya matawi yaliyoangukia majini. Ncha kali zikate, akishtuka anajichana. Mbele pabaki wazi. Majani ni ya mkungu au mpera, yaliyoanguka yenyewe na kuwa kahawia, kumi na tano yanatosha kuanzia. Tafadhali, utupa, mnyaa na mwarobaini visikaribie hilo tangi. Utupa wavuvi haramu wanaujua kazi yake.

Kuhe_wa_Bangwe
Naomba kutofautiana. Maji ya bure yenye pH 9 yapo mlangoni, na samaki wake wa mapambo watu wa Ulaya wanawafuata huku. Weka wale wadogo wanaoishi kwenye makombe ya konokono, umalize. Kuvuta diskasi kutoka Brazili ni kibali cha Idara ya Uvuvi, ni gharama, na ole wako mmoja atoroke kwenda ziwani.

Kina60
Hilo la kibali ni kweli, na maji ya tangi yamwagwe bustanini, si mtaroni. Ila kauliza diskasi, tumjibu diskasi.

Daktari_wa_Ndoo
Filta ikomaze kwanza, wiki 4 hadi 6, ukiwa na mvua na bomba nusu kwa nusu. Bakteria wa filta wanaokula amonia, sumu ya uchafu wa samaki, ni wavivu kwenye asidi. Nitriti, sumu wanayoizaa bakteria hao, ikisoma sifuri ndipo ubadilishe kuelekea tisa kwa moja.

Samaki wakifika wakae karantini wiki 6, tangi tupu, filta ya sponji tu, nyuzi 30. Kinyesi cheupe cha uzi: metronidazo miligramu 250 kwa lita 40. Minyoo ya matamvua: dawa ileile ya kichocho, prazikwanteli, kidonge cha miligramu 600 kimesagwa kwa lita 250. Mfuko wa safari usiudondoshee maji taratibu kwa masaa. Ndani yake pH imeshuka na amonia imelala bila sumu. pH ikipanda, inaamka. Sawazisha joto dakika 20, wachote kwa wavu, maji ya mfuko yamwage.

Na kosa hilohilo, la kupandisha pH penye amonia, ndilo linaloua kiangazi: mvua imeisha, mtu anajazia ya bomba, jioni samaki wako juu wanahema.

Mwanga_Juu
Nimewaelewa, asanteni. Hita je, na umeme ukikatika?

Fundi_Mifereji
Mbili za wati 200, siyo moja ya 400. Moja ikigoma kuzima haitawapika, ikifa nyingine inashikilia nyuzi 28. Umeme ukikatika funika tangi kwa blanketi, washa pampu ya hewa ya betri, usilishe. Filta ya kopo (ile iliyofungwa, inayokaa nje ya tangi) ikizima zaidi ya masaa mawili, ifungue umwage maji yake kabla ya kuiwasha tena, maana yameshaoza mle ndani.